Mto ulifika wapi zamani? Tope, mawe, miti na wazee kwa anayejenga Lindi au Mtwara

Mwishoni mwa Januari 2020 mafuriko yaliikumba Kilwa na sehemu nyingine za mkoa wa Lindi. Watu walikufa, maelfu wakabaki bila makazi, na maji yalipopungua swali likawa moja: sasa tujenge wapi? Wengi hulijibu kwa kuonyesha ukutani, pale alama ya tope ilipoishia. Jibu hilo lina kasoro kubwa. Hakuna aliyetuahidi kwamba maji ya 2020 ndiyo makubwa kuliko yote ambayo mito ya Mavuji, Matandu, Mbwemkuru au Lukuledi imewahi kuyabeba.

Rekodi za vipimo peke yake hazitoshi. Vijito vingi vya kusini havijawahi kuwekewa hata ubao wa kusomea kina, na palipo na kituo cha kupimia, rekodi ni ya miongo, si ya karne. Wahandisi wanaposema "mafuriko ya miaka 100" wanamaanisha mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea mwaka wowote ule. Hawasemi kwamba yakija mwaka huu yatapumzika karne nzima. Shule itakayosimama miaka 50 ina uwezekano wa karibu asilimia 40 kukutana nayo angalau mara moja. Kuyakadiria kwa rekodi ya miaka 20 ni kubahatisha, na anayebahatishiwa ni mtoto aliye darasani.

Kwa hiyo inabidi kuiuliza ardhi. Wanajiolojia wamekuwa wakifanya hivyo kwa mpangilio tangu miaka ya 1970 na 1980, hasa Victor Baker na wenzake waliochunguza mito ya Texas kama Pecos. Hapa ninalinganisha aina za ushahidi walizotumia wao na wengine, kwa jicho la mtu anayetakiwa kuchagua akiwa Masasi, Nyangao au Mchinga. Mtendaji wa kijiji, fundi wa daraja dogo na mwanafunzi wa jiolojia hawana mahitaji sawa, na nitasema wazi ninapoona kitu kinamfaa mmoja na hakimfai mwingine.

Tope la maji yaliyotulia

Mto unapofurika, maji ya katikati hukimbia. Lakini kwenye mdomo wa kijito kinachoingia mtoni, nyuma ya mwamba, ndani ya pango la ukingoni, au pale bonde linapopanuka ghafla, maji husimama. Yakisimama hushusha mchanga laini na tope. Mafuriko makubwa huacha tabaka hilo juu sana, mahali ambapo maji ya kila masika hayafiki. Yanayofuata, yakiwa makubwa vya kutosha, huweka tabaka jingine juu yake. Ukichonga ukuta wima kwa sepeto na kuulainisha kwa kisu, unaona matabaka yamelaliana, na katikati yake mistari ya majani yaliyooza, vishimo vya mizizi, mkaa wa moto wa msituni au udongo mwekundu ulioporomoka kutoka mlimani. Mistari hiyo ndiyo inayokuambia kwamba mahali pale palikaa pakavu kwa muda kabla ya maji kurudi. Bila hiyo, matabaka mawili yanaweza kuwa ya mafuriko mamoja tu yaliyopanda na kushuka mara mbili.

Huu ndio ushahidi ninaoupa uzito wa juu kabisa kwa mtu anayetaka namba, kwa sababu unatoa mambo matatu kwa pamoja: mafuriko yalikuwa mangapi, yalifika juu kiasi gani, na, ukipata cha kupima umri, yalikuja lini. Hakuna ushahidi mwingine katika ulinganisho huu unaotoa yote matatu.

Kasoro yake ya kwanza ni kwamba kimo cha tope ni kimo cha chini kabisa. Tope lililala chini ya maji. Maji yenyewe yalikuwa juu zaidi, nusu mita au mita mbili, na tabaka halisemi. Anayeandika "maji yalifika hapa" anatakiwa kuandika "maji hayakuwa chini ya hapa".

Kasoro ya pili inatokea unapogeuza kimo kuwa wingi wa maji. Kanuni inayotumika sana ni ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland wa karne ya 19: unahitaji upana na kina cha mto, mteremko wake, na namba inayoeleza ukwaru wa sakafu na kingo. Chukua mto wa kufikirika wenye upana wa mita 40, kina cha mita 3, mteremko wa mita 2 kwa kila kilomita, na ukwaru wa 0.035. Utapata takriban mita za ujazo 290 kwa sekunde. Ongeza kina kwa mita moja tu, na hesabu inaruka hadi karibu 456. Rudi kwenye mita 3 lakini useme kingo zina vichaka na mawe, ukwaru uwe 0.05, na unashuka hadi karibu 200. Kosa la mita moja kwenye kimo linazidi nusu ya jibu zima. Ndiyo maana ninasisitiza watu wapime kimo kwa leveli ya mpimaji, au angalau kwa mpira wa maji ambao mafundi ujenzi wanao, kuliko kukisia kwa macho.

Kasoro ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Njia hii inataka mto usiohama, wenye kingo za mwamba, ili umbo la leo liwe karibu na umbo la wakati ule. Mito yetu mingi ya chini ni ya mchanga. Mafuriko yakipanda, maji huchimba sakafu na kuondoka na mchanga, yakishuka, huurudisha. Anayekuja kupima kiangazi anapima sakafu iliyojazwa upya, wakati siku ya mafuriko kina kilikuwa kikubwa zaidi, na makadirio yake yatakuwa pungufu. Lukuledi inapokaribia Mingoyo, ambako bonde ni pana na mkondo unaweza kuhama, sipendekezi kabisa kukokotoa wingi wa maji kwa tope. Matabaka yatakuambia mafuriko yalikuja mara ngapi, basi. Panda juu, kuelekea nchi ya miamba migumu upande wa Masasi na Nachingwea, utafute kipande cha mto kilichobanwa na mwamba pande zote mbili.

Na kuna mchwa. Vitabu vilivyoandikwa kwa mito ya nchi kavu za Marekani na Australia vinaonyesha matabaka safi kama kurasa. Kwetu mchwa, mizizi na panya huchanganya udongo mpaka tabaka jembamba linapotea. Mahali pazuri pa kuchimba ni ndani ya pango au chini ya mwamba ulioinama, pasipo na mvua wala mizizi mingi, na chagua matabaka mazito.

Mawe makubwa

Hii ndiyo njia inayowavutia watu, kwa sababu jiwe linaonekana. Unatafuta mawe makubwa yaliyobebwa na maji, unapima kipenyo chake cha kati (si kirefu wala kifupi), kisha unauliza: maji yenye kasi gani yanaweza kulisogeza? Mtafiti wa Marekani, John Costa, alichapisha mwaka 1983 kanuni rahisi kutokana na mito ya milima ya Colorado. Kwa kanuni yake, jiwe la mita 1 linahitaji maji ya takriban mita 5.2 kwa sekunde, na jiwe la nusu mita karibu mita 3.7.

Kwa maoni yangu, kwa mikoa yetu hii iwe njia ya mwisho. Mtu akienda Masasi atazungukwa na milima ya mawe, na mawe makubwa yaliyolala karibu na korongo mengi yameporomoka kutoka mlimani, hayakuletwa na mto. Jiwe lililoporomoka lina pembe kali na limekaa peke yake chini ya mteremko wake. Lililobebwa na maji limeviringika, na mara nyingi limelala na wenzake, yameegemeana, nyuso zao bapa zikiteremkia upande maji yalikotoka. Asiyeweza kutofautisha hayo mawili atapata mafuriko ya kutisha ambayo hayajawahi kutokea. Aidha, mawe husogezwa na mtiririko mzito wa tope na mawe ambao si maji ya kawaida, na kanuni ya Costa haikukusudiwa kwa huo. Ukishuka kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, miamba ni laini na ya kichanga. Mawe magumu makubwa ni adimu, na mto usio na mawe makubwa unaweza tu kuwa umekosa mawe ya kubeba. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi kwamba maji yalikuwa madogo.

Mawe yanafaa kwa jambo moja: kukagua jibu la tope. Kama hesabu ya tope inatoa kasi ya mita 2 kwa sekunde na hapo hapo kuna jiwe la mita 1 lililoviringika, kuna kitu hakijakaa sawa, na inabidi kurudi kupima upya.

Miti na takataka zilizonasa

Haraka tu. Magogo, nyasi na takataka zilizonasa kwenye matawi zinaonyesha kimo cha maji vizuri kuliko tope, kwa sababu zilielea juu yake. Lakini huoza, huungua na moto wa kiangazi, au huokotwa kuni. Zinafaa kwa mafuriko ya miaka ya karibuni. Kovu kwenye shina, upande unaotazama maji yanakotoka, linaweza kukaa muda mrefu zaidi, na mninga hutengeneza pete za mwaka zinazoweza kuhesabika, jambo ambalo si miti yote ya kwetu inalifanya. Kukata mninga ili kuhesabu pete ni suala la kibali. Kisiki kilichokatwa tayari kinatosha.

Wazee na alama za watu

Wapo wanaoweka simulizi chini ya sayansi. Mimi naziweka pembeni ya tope, zikikaguana. Mzee hakupi kipimo cha mita, lakini anaweza kukupeleka hadi kwenye mwembe ambao maji yalizunguka, na mwembe huo unapimika kwa leveli.

Ugumu ni mwaka. Usimuulize babu mafuriko makubwa yalikuwa lini. Muulize kama yalikuwa kabla au baada ya kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, kabla au baada ya Uhuru, kama mtoto wake wa kwanza alikuwa anatambaa au anatembea. Waulize na bibi, kwa sababu waliochota maji na kulima majaluba kando ya mto wanaujua kuliko waliokuwa wakisafiri. Kama kijiji kinaongea Kimwera au Kimakonde nyumbani, mwache mjukuu aulize kwa lugha hiyo.

Jambo jingine ambalo watafiti wageni hulikosa: miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, familia nyingi zilihamishwa. Mzee unayezungumza naye anaweza kuwa na kumbukumbu nzuri sana za mto mwingine. Kabla ya kitu chochote, uliza familia ilihamia hapo mwaka gani na ilitoka wapi.

Pamoja na wazee, tumia vitu vilivyojengwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilijengwa reli kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ikianzia Mkwaya karibu na Lindi, na baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Palipobaki tuta lake, tabaka la mafuriko lililolala juu ya tuta haliwezi kuwa la kabla ya tuta. Ni upimaji wa umri usio na gharama yoyote. Vivyo hivyo kwa mfuko wa rambo au pakiti ya kiroba (pombe kali ya pakiti) ndani ya tabaka: tabaka hilo si la kale. Ila kumbuka inakwenda upande mmoja tu. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017 na mifuko ya plastiki Juni 2019, lakini plastiki haiozi upesi, kwa hiyo mafuriko ya mwaka huu yanaweza kuzika kiroba cha zamani.

Ardhi ambayo maji hayajaifikia

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa kijijini akae zaidi. Njia zote nilizotaja zinauliza maji yalifika wapi. Swali la kinyume lina faida kubwa kwa anayejenga: ni ardhi ipi ambayo maji hayajaifikia kwa maelfu ya miaka? Marekani, wanaokagua usalama wa mabwawa hutumia ushahidi huo huo, kwa sababu unaweka kikomo cha juu, wakati tope linaweka kikomo cha chini.

Unatafuta ngazi ya ardhi juu ya mto, bapa, ambayo zamani ilikuwa sakafu ya bonde na sasa imeachwa juu. Chimba shimo hadi kiunoni. Ukikuta mchanga mwepesi wenye mistari ya kulala, tope jipya juu ya udongo mweusi uliofukiwa, mto bado unafika hapo. Ukikuta udongo mwekundu uliokomaa, wenye mfinyanzi uliojijenga taratibu chini, vijiwe vya chuma vilivyoganda, na hakuna dalili ya mchanga wa mto juu yake, basi udongo ule umekuwa ukijitengeneza kwa muda mrefu bila kufunikwa. Vigae vya vyungu vya kale vikiwa bado juu, havijazikwa wala kusombwa, ni ushahidi wa kuongezea. Ushahidi huu una mipaka yake: maji ya kina kifupi yanayopita saa chache bila kuacha mchanga hayataonekana. Kwa hiyo jenga ndani ya ngazi hiyo, mbali na ukingo wake.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na nimesikia watu wakipima mita 60 kwa futi kamba na kuridhika. Sheria ile ni nzuri kwa kulinda kingo. Haikupi kimo. Katika bonde bapa la Lukuledi, mita 60 kutoka ukingoni unaweza kuwa juu ya mto kwa magoti tu.

Umri: kaboni au mwanga?

Anayehitaji miaka ana njia mbili kubwa. Kaboni-14 hupima mkaa, mbegu, majani au mfupa, na hufika nyuma karibu miaka 50,000. Tatizo lake bondeni ni mkaa wa kurithi: mkaa wa mti uliokufa karne tatu zilizopita unaweza kusombwa na mafuriko ya jana, na maabara itakupa umri wa mti. Chagua majani na mbegu, vitu visivyodumu, kabla ya vipande vya mkaa. Tatizo la pili ni kwamba kwa kipindi cha kati ya 1650 na 1950 hivi, jibu la kaboni huangukia miaka mingi inayowezekana kwa pamoja. Kwa mafuriko ya wakati wa mababu zetu wa karibu, hilo ni pigo.

Upimaji wa mwanga, ulioanza katikati ya miaka ya 1980, hupima chembe za mchanga zenyewe: ni lini ziliona jua mara ya mwisho. Kwa Makonde na Lindi, kwenye mchanga wa kwatzi (quartz) kila upande, hauhitaji kutafuta mkaa kabisa, na mimi ningeutanguliza. Unasukuma bomba la chuma ndani ya ukuta wa shimo, unaliziba pande zote lisiingie mwanga hata kidogo, unalipeleka maabara. Lakini mafuriko ya usiku, yenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, hayaupi mchanga jua la kutosha, na umri hutoka mkubwa kuliko ukweli. Mchwa nao hupandisha chembe za chini. Omba maabara ipime chembe moja moja, si kwa mkupuo, hata kama bei inapanda.

Njia zote mbili ni ghali kwa kijiji, na mimi nisingemshauri mtendaji azitumie. Fedha hiyo iende kwenye leveli na mashimo mengi zaidi.

Ukiwa wapi, uchague nini

Karibu na mdomo wa mto, Lindi mjini, Mchinga au kwenye mikoko ya Mtwara, weka uangalifu wa pekee: tabaka la mchanga linaweza kuletwa na bahari. Mwaka 2020 watafiti walichapisha ushahidi kutoka Pangani wa mchanga uliowekwa na tsunami takriban miaka 1,000 iliyopita. Tafuta vipande vya makombe na viumbe wadogo wa baharini chini ya lenzi kabla ya kuuita mchanga wa mto, na usipime wakati wa bamvua.

Kwa mtendaji au kamati ya shule: wazee, tuta la reli kama lipo, na ngazi ya udongo mwekundu. Kwa fundi wa daraja au kalavati: tope kwenye kipande cha mwamba, kanuni ya Manning kwa ukwaru wa chini na wa juu, mawe yawe mkaguzi, na rekodi zozote za Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iliyopo Mtwara. Kwa mwanafunzi mwenye bajeti: vyote hivyo, na mwanga kabla ya kaboni.

Chimba kiangazi, kabla ya mvua za Desemba. Shimo la mchanga lisizidi kiuno bila kuwekewa mbao, na asishuke mtu peke yake. Piga picha ya kila ukuta futi kamba ikiwa inaonekana, andika kila kimo kwa kukilinganisha na kitu kisichohama, kama msingi wa zahanati au nguzo ya zege, kisha nakala moja ibaki ofisi ya kijiji pamoja na ramani ya viwanja.